Msusi wa Mota Aliyekataa Kupumzishwa

Kabla hajawa fundi alikuwa msusi wa nywele, na mwenyewe alikuwa akisema hakubadilisha kazi, alibadilisha vichwa tu. Mumewe alikuwa na kibanda cha kutengeneza feni na pampu za maji. Siku moja alimwomba amsaidie kupitisha waya wa shaba kwenye mota iliyoungua, kwa sababu vidole vyake vinene vilikuwa vinaukwaruza waya kila akiuingiza. Mke akaigeuzageuza ile mota, akaangalia mifereji yake na jinsi mizunguko ya waya inavyopishana, akasema, "Kumbe ni kusuka tu." Hakurudi saluni tena. Mume alipofariki, kibanda kilibaki mikononi mwake, na mtaa mzima wa mafundi ukawa unamwita Bi Koili, maana hiyo mizunguko ya waya ndiyo koili, na hapakuwa na mtu aliyeisuka ikatulia kama yeye.

Macho yalianza kumtupa mkono taratibu. Yalianzia pembeni. Akawa anagonga bega kwenye fremu za milango na kumwaga chai iliyokuwa karibu kabisa na mkono wake. Daktari wa macho alimwambia ni presha ya macho, amechelewa kuja, na dawa zitailinda sehemu iliyobaki kwa muda tu.

"Vidole navyo vinapata presha?" aliuliza.

Daktari alicheka, akasema hapana.

"Basi tuendelee," alisema, akachukua mkoba wake.

Mwanga kidogo aliobaki nao hakuutumia kulilia ule uliokwenda. Aliutumia kujiandaa. Alikaa na kapasita zake zote mezani, vile vikopo vidogo vyenye waya mbili vinavyofungwa kwenye feni na pampu, akawa anavichonga kwa kisu: mkato mmoja kwa vile vidogo kabisa, na mikato ikiongezeka kadiri kikopo kinavyobeba umeme mwingi. Alijifunza unene wa waya kwa kuupitisha kwenye ukingo wa ukucha. Mota ikifunguliwa, hakungoja kuambiwa waya huu mwekundu na ule mweusi. Alizifunga ncha zake mafundo, kila moja na fundo lake. Alinunua mita inayolia pale waya unapopitisha umeme. Siku alipoamka na kukuta dirisha na ukuta vimekuwa kitu kimoja, alikunywa chai, akachukua fimbo, akaenda kazini.

Alikuwa akiishi na binti yake, aliyekuwa akisomea umeme chuo cha ufundi. Jioni binti alikuwa akimsomea mama yake masomo ya siku hiyo, kidogo kwa ajili ya mtihani wake na kidogo kwa sababu mama hakumwacha apumue.

"Kuna jambo limenikera tangu baba yako yuko hai," Bi Koili alimwambia jioni moja. "Nikiipima koili kubwa kwa betri ndogo ya radio, nikiwa nimeshika ncha zake kwa vidole, hakuna kitu. Nikiichomoa tu ile betri, napigwa shoti ya kunirusha mkono. Betri ya radio, mwanangu! Inatoa wapi ubavu wa kunipiga?"

"Mama, betri umeionea bure. Anayekupiga ni koili."

"Koili ni waya tu. Naisuka mwenyewe."

"Ni waya, lakini mkondo ukipita humo, koili inajizungushia usumaku. Ule usumaku ni nguvu iliyowekwa akiba. Ukichomoa betri, mkondo unataka kukatika ghafla, koili inakataa. Inatumia ile akiba yake kuusukuma uendelee, na volti zinapanda mno. Kama njia iliyobaki ni vidole vyako, utapita humo humo."

Bi Koili alikuna kidevu. "Na mwanzo, ninapounganisha?"

"Inakataa pia. Mkondo ukitaka kupanda haraka, inauvuta nyuma, inaupandisha polepole. Haipendi mkondo ubadilike ghafla, uwe unapanda au unashuka."

"Na kapasita?"

"Ndani ya kapasita kuna karatasi mbili nyembamba za bati zilizoviringishwa pamoja, na katikati yake kuna kitu cha kuzitenganisha zisigusane. Umeme unajazana juu ya zile bati. Kapasita haina shida na mkondo ukirukaruka. Ubishi wake uko kwenye volti. Volti zake haziwezi kupanda ghafla wala kushuka ghafla. Lazima ijae kwanza, au imwagike kwanza."

Bi Koili alicheka mpaka akashika mbavu. "Kwa hiyo miaka yote nimekaa kibandani na wabishi wawili, na mimi nikiwa wa tatu!"

Usiku huo, binti alisema baadaye, alimsikia mama yake akiimba akiosha vyombo.

Aliyekuja kuharibu mambo alikuja kwa mapenzi. Kaka yake mkubwa alikuwa dereva wa lori aliyestaafu, mtu wa sauti nzito na moyo mwepesi, ambaye tangu wazazi wao wafariki alijiona ndiye baba wa ukoo. Aliposikia kwamba mdogo wake haoni kabisa na bado anashika nyaya za umeme, alipanda basi na kuja.

"Mdogo wangu, nimekuandalia chumba," alisema, akiwa hajamaliza hata maji aliyokaribishwa. "Kina dirisha kubwa. Wifi yako amekushonea mapazia."

"Mapazia ya nini, kaka? Jua linanisumbua macho?"

"Usinifanyie mzaha. Umefanya kazi ya kutosha. Sasa upumzike."

"Nani kakwambia nimechoka?"

"Kipofu na umeme! Ukifa pale kibandani, watu watasema nilikuwa wapi?"

"Sema ulikuwa nyumbani kwako, unatazama mapazia."

Walibishana mpaka chakula kikapoa. Asubuhi, Bi Koili alipofika kibandani na kupapasa mlango, mkono wake uligusa kufuli asiyoijua, nzito, bado ina mafuta ya dukani. Kaka alikuwa ametangulia kufika. Funguo alikuwa nazo yeye, na yeye alikuwa ameshaondoka kwenda kunywa chai.

Jirani yake pale mtaani alikuwa mchomeaji wa mageti, mtu wa makamo mwenye woga wa kila kitu isipokuwa moto. Bi Koili akagonga kwake.

"Lete msumeno wako. Kata hii kufuli."

"Bi Koili, kaka yako ataninyonga."

"Kata. Nitasema nimekata mimi."

"Wewe? Wakati huoni?"

"Ndiyo maana. Nitasema nilidhani ni ya kwako."

Mchomeaji aliangua kicheko, na akiwa bado anacheka akaikata. Kaka aliporudi alikuta mlango wazi, feni imefunguliwa mezani, na mdogo wake ameuma uzi wa kufungia waya katikati ya meno. Alikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa chama cha mafundi.

Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Alikuwa fundi mzuri wa majokofu, na alikuwa amewahi kumbeba mwenzake aliyeungua mpaka hospitali. Picha ile haikumtoka. Aliita kikao mchana wa siku iliyofuata, katika uwazi uliokuwa katikati ya vibanda, mafundi wakaja na viti vyao na ndoo zao za kukalia.

"Dada yetu tunamheshimu," alianza. "Lakini chama kinawajibika kwa usalama wa kila mlango ulioko hapa. Swali ni moja tu. Je, anaweza kufanya kazi hii bila kuona?"

"Badala ya kuniuliza mimi mbele ya watu kama mwari," Bi Koili alisema, "niletee kazi."

Wakamletea feni ya mezani. Aliomba iwashwe. Ikanguruma bila kuzunguka. Alisogeza sikio, akasikiliza, kisha akachukua kijiti akayasukuma mapanga yake kidogo. Feni ikaanza kuzunguka yenyewe, ikashika kasi, ikampepea usoni.

"Mota yake nzima," alisema. "Ina koili mbili. Moja peke yake inaweza kuvuta lakini haijui pa kuanzia, inavuta mbele na nyuma, ndiyo huo mngurumo. Ile ya pili inamsaidia mwenzake kuanza, mradi mkondo wake utangulie kidogo, wapokezane kuvuta. Anayeutanguliza ni kapasita. Kapasita imekufa, ndiyo maana imengoja kijiti changu."

Akachomoa feni, akafungua kifuniko chake, akaigusisha bisibisi kwenye waya zote mbili za kapasita ili kumaliza umeme wowote uliobaki ndani, akaitoa, akapapasa mikato kwenye zake za akiba, akafunga nyingine. Feni ikaondoka bila kusukumwa. Mchomeaji alipiga makofi peke yake, kisha wengine wakamfuata.

Kama mambo yangeishia hapo, hadithi hii ingekuwa fupi na tamu. Lakini mwenyekiti alisema feni ni kazi ndogo, akaagiza iletwe mashine ya kuchomelea, zile ndogo za kisasa zenye kapasita kubwa kama mikebe ya maziwa. Ilitolewa kazini hapo hapo, ikachomolewa ukutani na kuwekwa mbele yake. Hakuna aliyemwambia kwamba muda mfupi uliopita ilikuwa inafanya kazi. Pengine hakuna aliyefikiria. Na yeye, joto la makofi likiwa bado kichwani, hakuuliza. Alifungua mfuniko, akapeleka vidole.

Ulitoka mlio kama wa ubao kuvunjika. Bi Koili alirushwa nyuma na kiti chake, akaanguka chali, fimbo ikaruka huko. Kaka yake alipiga yowe akamkimbilia. Sauti yake ikatoka chini, kavu na yenye hasira.

"Niacheni. Napumua."

Akakaa. Vidole vyake viwili vilikuwa na alama nyeupe.

"Kosa ni langu," alisema. "Kapasita inashika umeme hata mashine ikichomolewa. Nalijua hilo tangu nikiwa na nywele nyeusi, na nimelisahau kwa sababu ya kupigiwa makofi. Sasa na mimi niulize. Kati yenu nyote mnaoona, nani hajawahi kupigwa na kapasita? Anyanyue mkono. Mimi siuoni, lakini wenzake watanishuhudia."

Hapakunyanyuka mkono. Fundi mmoja wa televisheni akaanza kucheka chini chini, na kicheko kikaenea kama maji, maana kila mmoja alikuwa amekumbuka yake. Mwenyekiti peke yake hakucheka. Alikuwa anaviangalia vile vidole.

"Nimeona kwa macho yangu, dada," alisema taratibu. "Siwezi kukubali ajali ya pili. Kibanda kifungwe mpaka apatikane mtu wa kukisimamia."

Kaka alishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Bi Koili alisimama, akajipangusa gauni.

"Milango ni ya chama, mwenyekiti?"

"Ni ya chama."

"Na njia hii ya kupita watu?"

Mwenyekiti alisita. "Njia ni ya watu wote."

"Ahsante."

Asubuhi iliyofuata alikuwa ameketi njiani, hatua chache kutoka kwenye mlango wake uliofungwa, na meza ya kukunja ambayo binti yake aliibeba kichwani. Wapita njia walilazimika kumzunguka. Mwenye mkokoteni aliguna akapinda. Kaka alikuja akasimama mbele yake, akitweta.

"Unanitia aibu, mdogo wangu. Unakaa barabarani kama omba omba."

"Omba omba anaomba. Mimi nimeomba nini? Toka kwenye upepo wangu."

Wateja walimfuata pale pale. Wengine walikuja kwa huruma, wakaondoka na feni inayozunguka na huruma ikiwa imewaisha. Alipigwa na jua na kumwagiwa vumbi, na siku mvua iliponyesha alijifunika turubai na mota zake na kuendelea kusuka chini yake, akisema waya haujui kama ni masika. Lakini mashine kubwa alizikataa, na kukataa huko kulimchoma kuliko ile shoti. Jioni alikuwa akivishikashika vidole vyake vyenye alama.

"Unaogopa?" binti alimuuliza.

"Naogopa, ndiyo. Mjinga ndiye haogopi. Ila nataka kujua kikopo kimejaa au kitupu kabla hakijanijua mimi. Wenzangu wanafunga globu ndogo kwenye waya mbili, wanagusisha, wanaangalia inavyowaka na kuzima. Mimi globu itanisaidia nini?"

Binti alifikiri. "Kwa nini iwake? Si ilie."

Walikaa juu ya jambo hilo siku kadhaa. Binti alikokotoa ukubwa wa rezista ya kupunguza makali ya umeme, mama akaunganisha nyaya kwa risasi iliyoyeyushwa, akijiunguza na kutukana. Walichukua king'ora kidogo kilichotolewa kwenye saa mbovu ya mezani, wakakifunga pamoja na rezista ndani ya bomba la plastiki, na kutoa ncha mbili za chuma. Cha kwanza kiliungua. Cha pili kililia bila kukoma hata pasipo na kitu. Cha tatu Bi Koili alikigusisha kwenye kapasita iliyojazwa makusudi, kikalia kwa ukali, kisha sauti ikashuka, ikashuka tena polepole zaidi, ikawa uzi mwembamba, ikaisha.

"Rudia," alisema.

Wakarudia, kwa kapasita ndogo na kwa kubwa. Ndogo ilitoa mlio mfupi na kwisha upesi. Kubwa ilichukua muda mrefu kufifia. Baada ya kuzoea, Bi Koili aliweza kutambua kwa mlio tu kikopo kinabeba kiasi gani, na kama kimechoka na hakishiki tena kama zamani. Uso wake, binti alisema, ulikuwa kama wa mtu aliyerudishiwa ufunguo wa nyumba yake.

Alimtuma mchomeaji amletee ile ile mashine iliyomwangusha. "Ichomoe sasa hivi, ije ikiwa ya moto," alisema. Watu walijaa. Mchomeaji aliiweka mezani na kurudi nyuma mpaka ukutani. Bi Koili alifungua mfuniko, akashusha ncha mbili za chuma mahali pake, na king'ora kikapiga kelele mpaka mtoto mmoja mgongoni mwa mama yake akaanza kulia. Alikaa bila kutikisika mpaka kelele ikafifia na kukatika. Akahakikisha mara ya pili, kimya. Ndipo akaingiza vidole vyote kumi ndani ya mashine na kuifanyia kazi, mgongo umenyooka, bila haraka.

Fundi wa televisheni ndiye wa kwanza kuja kuuliza kama angeweza kutengenezewa cha kwake. "Ile globu yangu nasahau kuiangalia," alisema kwa kuona haya. "Hii itanizibua masikio." Wakafuata wengine. Mwenyekiti hakuja. Alipita mara kadhaa kwa mbali, mikono nyuma, kisha asubuhi moja kufuli ya chama haikuwepo tena mlangoni. Hakuitwa mtu kwenye kikao, wala hakuna aliyesema samahani. Mchomeaji alimshauri Bi Koili aende kumshukuru.

"Nimshukuru kwa kunipa mlango wangu?" alijibu. "Mwambie meza yangu inabaki nje mpaka nitakapojisikia kuingia." Akakaa nje juma zima zaidi, kwa ukaidi mtupu, na siku alipoingia alichagua saa ya adhuhuri, wakati kila mtu yuko mlangoni kwake, ili waone.

Kaka alikuwa amekataa kurudi kwake bila yeye. Kila siku alikuja kuketi kibandani akisema anamngoja achoke. Siku moja ililetwa mota ya mashine ya kusaga nafaka, kubwa kama ngoma, imeungua nyeusi tii, na mafundi wawili walikuwa wameshaikataa. Bi Koili aliipapasa kwa muda mrefu, akainusa, akaigonga.

"Iacheni hapa," aliwaambia wenye mota.

"Hiyo itakuvunja mgongo!" kaka alifoka.

"Itauvunja wa kwako. Njoo ushike mkono huu wa kuzungushia waya. Zungusha polepole, na usiniguse waya kwa hayo makucha yako ya usukani."

"Mimi ni mkubwa wako, unajua?"

"Najua, kaka yangu. Ndiyo maana nimekupa kazi nzito. Zungusha."

Mzee alinung'unika, akavua koti, akalitundika kwenye msumari, akaushika ule mkono. Waya wa shaba ukaanza kupita kati ya vidole vya mdogo wake, mzunguko baada ya mzunguko, huku yeye akimkaripia kaka kila akienda kasi.